Kwa nini kila tasnifu ina sampuli ya 399? Watafiti chipukizi wa takwimu za jamii tuwasaidie vipi?

#1 Mzee wa Jedwali

Wakuu, habari za jioni.

Ingia maktaba ya chuo chochote hapa nchini, chukua tasnifu kumi za uzamili za elimu, sosholojia au maendeleo ya jamii, fungua sura ya tatu. Nyingi utakuta fomula ya Yamane, n = N/(1+Ne²) (n ni sampuli, N ni watu wote), e, yaani ukingo wa makosa, ni 0.05, na jibu ni 397, 398 au 399. Sura ya nne ni SPSS (programu ya takwimu), asilimia mwanzo mwisho, alpha ya Cronbach (kipimo cha jinsi maswali ya dodoso yanavyoshikana) 0.7 na ushee, kisha regresheni (hesabu ya jinsi vigeu vinavyohusiana) ambayo mwenyewe akiulizwa siku ya utetezi anabaki kutoa macho.

Dai langu: vijana hawa hawakosi akili wala kompyuta. Wanakosa mtu wa kukaa nao KABLA ya kwenda uwandani. Semina za siku tatu hotelini huja data ikiwa imeshakusanywa, na sampuli mbovu hakuna programu inayoitibu.

Tuanze na hesabu. Fomula hiyo inadhani umechagua watu mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka orodha nzima, z (kigezo cha uhakika wa 95%) imekadiriwa 2 na p (asilimia inayotafutwa) ni 0.5. Ndiyo maana N ikikua jibu linaganda kwenye 400: watu 1,200 wanatoa 300, watu 10,000 wanatoa 385, watu 100,000 wanatoa 398. Sasa mwanafunzi akishapata hiyo 398 anaikamilisha 400, anakwenda vijiji 16 na kuhoji kaya 25 kila kijiji. Watu wa kijiji kimoja wanafanana: shule ile ile, barabara ile ile, mvua ile ile. Kufanana huko kukiwa 0.05 tu (wataalamu huita rho), athari ya usanifu ni 1 + (25−1) × 0.05 = 2.2. Kaya 400 zinabaki na uzito wa kaya 182. Ukingo wa makosa umepanda kutoka 5% hadi 7% na zaidi, na yeye ameshaandika 5% kwenye pendekezo na limepitishwa.

Angechukua vijiji 40, kaya 10 kila kijiji, athari ingeshuka hadi 1.45 na angebaki na kaya 276. Madodoso ni yale yale 400.

Nani anamwambia hayo kabla hajapanda basi? Karibuni.

#2 Kipanga

Uzi wa maana huu. Nimekaa paleee na daftari.

#3 Nakuru Data

Wadau, salamu kutoka Kenya. Huku kwetu namba inayotawala si 399, ni 384. Inatoka kwa Cochran: 1.96² × 0.25 ÷ 0.05² = 384.16. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 nalo linaishia 384 ukifika watu milioni moja. Jina la fomula limebadilika, ugonjwa ni mmoja.

Ila Mzee ameacha tatizo kubwa zaidi. Fomula hizi zote zinajibu swali moja tu: asilimia fulani katika jamii nzima ni ngapi, toa au ongeza 5. Ukiangalia malengo ya tasnifu hizo, karibu zote zinalinganisha: wanawake na wanaume, walio kwenye mradi na wasio kwenye mradi. Hilo ni swali jingine na hesabu yake ni nyingine. Ukitaka kutofautisha 50% na 60%, uwe na uwezekano wa 80% wa kuiona tofauti hiyo kama ipo, unahitaji karibu watu 390 KILA KUNDI. Jumla kama 780, na hapo hujazidisha ile 2.2 ya Mzee. Kwa hiyo mwenye 399 anapoandika "hakuna tofauti ya kitakwimu kati ya makundi haya mawili", alichogundua ni udogo wa sampuli yake.

#4 Chuma Ulete

Mzee wa Jedwali, unawaonea watoto wa watu. Vijiji 40 nani analipa?

Kila kijiji ni msururu wake. Barua ya chuo inakwenda mkoani, mkoa unaandika wilayani, wilaya inaandika kwa mtendaji wa kata, kata kwa mtendaji wa kijiji, kijiji kinakupa mwenyekiti wa kitongoji wa kukutembeza, naye huyo hatembei bure. Kutoka vijiji 16 kwenda 40 si nauli tu, ni posho za waongozaji 24 zaidi na usiku wa kulala guest. Mwanafunzi anayejilipia anachagua vijiji vichache kwa sababu ya mfuko. Ukimfundisha athari ya usanifu, ataijua na bado atakwenda vijiji 16.

Swali langu ni tofauti: kwa nini aende uwandani kabisa? TDHS (utafiti wa taifa wa uzazi na afya) ipo, National Panel Survey (inayofuata kaya zile zile) ipo, Afrobarometer (ya maoni ya wananchi) ipo. Sampuli imeshachaguliwa na watu wanaojua kazi.

#5 Mama Regresheni

Chuma Ulete umenena. Lakini data ya bure nayo ina mitego yake, na mtu asipoelekezwa anatoka na namba mbovu kuliko za vijiji 16. Niweke hapa mitego inayojirudia sana kwenye TDHS ya 2022. Ile ina maeneo ya kuhesabia watu 629, kaya 26 kila eneo, kwa hiyo kaya 16,354 zilichaguliwa.

Uzito kwanza. Kigeu v005 (uzito wa sampuli, yaani kila aliyehojiwa ahesabike kiasi gani) kimeandikwa bila nukta, unakigawa kwa 1,000,000. Kwa nini uzito ni lazima? Zanzibar ina mikoa 5 kati ya 31, na kila mkoa hupewa kaya za kutosha ili uweze kusemewa peke yake. Lakini kwa Sensa ya 2022 Zanzibar ni watu 1,889,773 kati ya 61,741,120, yaani kama 3%. Ukipiga wastani wa taifa bila uzito, Mzanzibari mmoja anahesabika mara kadhaa ya Mtanzania wa Mwanza.

Udumavu. Hapa ndipo watu wanaumia. hw70 ni urefu kwa umri katika mchepuko sanifu, na desimali mbili zimefichwa: −200 maana yake −2. Mwanafunzi anaandika kwenye Stata (programu ya takwimu)

gen mdumavu = hw70 < -200

na anaendelea na maisha. Kumbe 9996, 9997 na 9998 si vipimo, ni alama za vipimo visivyowezekana au vyenye shaka. Hiyo amri imewaweka wote kuwa 0, "si wadumavu". Na Stata huichukulia nukta ya kukosekana kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo hata mtoto ambaye hakupimwa ameingia 0. Ripoti inasema udumavu ni 30%, yeye anapata chini ya hapo na kuandika kwa furaha kwamba hali imeimarika. Ongeza tu if hw70 < 9990 mwisho wa amri. Hiyo inawatoa wote wawili, alama na nukta.

Uzito wa kuzaliwa, m19, ni hadithi hiyo hiyo kwa upande wa juu: 9996 ni "hakupimwa", 9998 ni "hajui". Ukipiga wastani bila kuwaondoa, watoto wetu wanazaliwa majitu.

Kisha mtangazie Stata usanifu (v021 ni eneo, v022 ni tabaka, yaani kundi ambamo maeneo yalichaguliwa):

svyset v021 [pw=uzito], strata(v022) singleunit(centered)

Na ukitaka kundi dogo, mfano wanawake wa vijijini tu, usiwafute wengine wala usitumie if. Tumia subpop. Ukifuta, baadhi ya maeneo yanatoweka na hitilafu sanifu (kipimo cha kuyumba kwa makadirio) inakokotolewa kana kwamba hayakuwahi kuwepo.

#6 Sharifa wa Unguja

Ahsante sana Mama. Niongeze hili, maana kuna wanaodhani wakichambua Zanzibar peke yake uzito hauna kazi. Unayo. Mjini Magharibi ina watu 893,169, Kusini Unguja 195,873. Mara nne na nusu hivi. Kaya za sampuli hazikugawiwa kwa uwiano huo. Ukiacha uzito, Makunduchi inapewa sauti ya Mwanakwerekwe.

#7 Dodoso Refu

Mimi siungi mkono #4 wala #5.

Data ya watu wengine inajibu maswali ya watu wengine. DHS, programu ya kimataifa ambayo TDHS ni sehemu yake, imejengwa kwa ajili ya uzazi, lishe na afya. Kijana anayetaka kujua kwa nini vikundi vya VICOBA vinavunjika mwaka wa pili atakuta nini humo? Atapinda swali lake lifanane na faili. Baada ya miaka kumi tutakuwa na kizazi kinachojua svyset na hakijui kutunga swali.

Na kwangu ugonjwa upo hapo: kipimo. Sampuli na regresheni mnazopigania zinakuja baada yake. "Je, unaridhika na huduma za afya na elimu katika kata yako?" Hilo ni swali moja au mawili? Anayependa zahanati na kuichukia shule ajibu nini? Maswali ya namna hiyo yamejaa kwenye viambatisho vya tasnifu, na msimamizi amesaini.

Mfano wa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2007 na 2008 kulifanyika jaribio la kaya 4,000, zikagawiwa kwa nasibu namna 8 za kuuliza matumizi: shajara, kumbukumbu ya siku 7, ya siku 14, orodha ndefu ya vyakula, orodha fupi na kadhalika. Nchi ni ile ile, miezi ni ile ile. Viwango vya matumizi na umaskini vikatofautiana sana kwa sababu ya namna ya kuuliza tu. Sasa wewe una kaya 399 na umeuliza "kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" mkulima wa korosho ambaye hupata pesa msimu mmoja.

Msaada ninaoutaka kwa kijana: kabla ya jaribio la watu 30, akae na watu 8 hadi 10 mmoja mmoja, asome swali, apate jibu, kisha aulize "hapo umenielewaje?" na "hiyo namba umeifikiaje?" Aandike neno kwa neno. Gharama yake ni soda.

#8 Kipanga

Mkuu, mie mgeni kwenye haya mambo. Alpha ikiwa 0.71 si tumepona? Vitabu vyote vinasema 0.7.

#9 Dodoso Refu

Kipanga, alpha inapanda ukiongeza maswali hata kama hayashikani vizuri. Chukua maswali 10 yenye uhusiano wa wastani wa 0.2 kati yao, uhusiano hafifu kabisa: alpha = (10 × 0.2) ÷ (1 + 9 × 0.2) = 0.71. Hongera, umepona. Ongeza mengine 10 hafifu vile vile: 4 ÷ 4.8 = 0.83. Sasa ni "bora sana". Haijasema kwamba unapima kitu kimoja, haijasema kwamba unapima ulichokusudia. Tazama jedwali la uhusiano wa swali kwa swali kwanza, na kama kuna swali la kinyume (mfano "sipendi...") hakikisha umeligeuza alama. Lisipogeuzwa alpha inaporomoka, wakati mwingine inakuwa hasi, na watu hulifuta swali zuri kwa sababu hiyo.

#10 Kifaru77

Mnajadili matawi. Mzizi ni huu: uchambuzi haufanywi na mwanafunzi.

Nenda stationery yoyote karibu na geti la chuo, kuna kijana na laptop, tangazo ukutani "Data Analysis, SPSS, Stata, Proposal". Unampa faili jioni, asubuhi unachukua majedwali. Mwenye tasnifu hajawahi kuona amri hata moja. Mumfundishe nini huyo? Msimamizi naye ana wanafunzi lukuki, anahesabiwa makala kwa ajili ya kupanda daraja, hana muda wa kuuliza namba imetoka wapi.

Dawa ni ya kiutawala, haihitaji wafadhili. Chuo kidai faili la amri pamoja na tasnifu. Folda moja, ndani yake:

data_ghafi (haiguswi, haifunguliwi kwa Excel na kuhifadhiwa upya)
01_safisha.do
02_vigeu.do
03_majedwali.do
SOMA.txt (toleo la programu, tarehe ya data, nani kabadilisha nini)

Siku ya utetezi mtahini wa ndani anaendesha 01 hadi 03 kwenye kompyuta nyingine. Majedwali yakitoka kama yalivyo kwenye tasnifu, endelea. Yasipotoka, rudi nyumbani. Makosa ya kawaida yataonekana dakika ya kwanza: njia ya faili imeandikwa C:\Users\fulani\Desktop, hakuna set seed (amri ya kufanya bahati nasibu ijirudie vile vile), na kuna kigeu kilichorekebishwa kwa mkono kwenye Data Editor ambacho hakuna amri inayokielezea.

#11 Chuma Ulete

Kifaru unataka kuwafilisi watu wa stationery. Wataanza kuuza na faili la amri, bei juu kidogo.

#12 Kifaru77

Wauze tu. Angalau kutakuwa na kitu cha kukagua. Na mtahini ana swali moja: "mstari wa 40 unafanya nini?"

#13 Nakuru Data

Naunga #10, ila tusifungie vijana kwenye programu za kulipia. Wengi wana Stata ya kuazima isiyo na leseni, na siku jarida likiuliza toleo wanakwama. Na SPSS ya msingi ina tatizo jingine: WEIGHT BY inarekebisha asilimia, lakini hitilafu sanifu inazikosea kwa sababu haijui maeneo wala matabaka. Moduli ya Complex Samples inauzwa peke yake. R ni bure, na kifurushi cha survey cha Thomas Lumley kinafanya yote:

svydesign(ids=~v021, strata=~v023, weights=~uzito, data=ir, nest=TRUE)

na juu kabisa ya faili options(survey.lonely.psu="adjust").

Mtaona nimeandika v023 na Mama Regresheni kaandika v022. Inategemea utafiti na mwaka. Usikariri, fungua kiambatisho cha usanifu wa sampuli kwenye ripoti uhesabu matabaka. KDHS, yaani DHS ya Kenya, ya 2022 ina maeneo 1,692, kaya 25 kila eneo, matabaka 92: kaunti 45 zina mjini na kijijini, Nairobi na Mombasa ni mjini tupu. Ukiorodhesha (tab) kigeu chako cha tabaka ukapata 47, umeshika kisicho chenyewe.

#14 Pima Mwenyewe

Mama Regresheni #5, hapo kwenye udumavu nina neno. Mtu akifuata maelekezo yako kwa faili la KR hatapata 30% ya ripoti sawasawa hata akiwa ameondoa alama zote. KR ina watoto wa wanawake waliohojiwa tu. Ripoti hutumia PR, faili la wanakaya wote, maana kuna watoto wanaolelewa na bibi au ambao mama hakuhojiwa. Kigeu ni hc70, si hw70; uzito ni hv005; na unabakiza waliolala kwenye kaya usiku uliotangulia, hv103==1.

#15 Mama Regresheni

Hoja inasimama, mkuu. KR utaitaka pale unapohitaji sifa za mama: elimu yake, umri, mahudhurio ya kliniki. Kwa kurudia namba ya ripoti, PR.

#16 Mzee wa Jedwali

Sasa mmefika nilikotaka. Hicho alichofanya Pima Mwenyewe ndicho zoezi bora la kumpa mhadhiri msaidizi mwezi wa kwanza: arudie jedwali moja la ripoti mpaka namba zifanane hadi desimali ya mwisho. Asilimia, na ile idadi ya chini ya jedwali yenye uzito. Ikipishana kwa 0.3, atafute kwa nini. Humo atakutana na kila mtego: faili gani, nani anahesabiwa, kigawanyo ni kipi, alama za kukosekana, uzito. Semina ya siku tatu haifundishi hivyo.

Na kwa anayekwenda uwandani, kliniki ya chuo, alasiri moja kwa wiki. Masharti ni mawili tu. Kwanza, aje na ukurasa mmoja: swali, kigeu tegemezi, namna kitakavyopimwa, sampuli. Pili, aje na majedwali matupu. Yaani achore majedwali yote ya sura ya nne, vichwa na safu, bila namba. Asiyeweza kuchora jedwali tupu hajui anakusanya nini. Hapo ndipo utaona dodoso lina maswali 85 na majedwali yanatumia 22. Yale mengine 63 ni uchovu wa bure kwa mama wa watu aliyeacha chungu jikoni.

Nani akae kliniki? Watu wawili, mmoja wa takwimu na mmoja wa fani. Wa takwimu akiwa peke yake atarekebisha kila kitu isipokuwa swali lenyewe.

#17 Chuma Ulete

Mzee, kliniki nzuri, lakini mnaendelea kuisifia DHS kana kwamba ni mali yetu. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipokata fedha za USAID, shirika lake la misaada lililoifadhili DHS, programu nzima ilisimama. Tunajenga mafunzo ya vijana kwenye ghala la jirani. Ufunguo akiondoka nao?

Fundisheni na vingine. National Panel Survey ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) inafuata kaya tangu 2008/09, ipo kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia, unajisajili na kueleza unataka kufanya nini. Kagera wana KHDS (utafiti wa afya na maendeleo wa mkoa huo): kaya zaidi ya 900 zilizohojiwa 1991 hadi 1994, zikatafutwa tena 2004 na 2010. Kwa anayetaka kujifunza data ya kufuatilia watu, huko ndiko. Na ndiko utakakojifunza kwamba kaya hugawanyika: mtoto ameolewa Mwanza, mwingine yuko Kampala, na uamuzi wa nani ahesabiwe kuwa "kaya ile ile" unabadilisha matokeo.

#18 Sharifa wa Unguja

Kuhusu semina, si zote za siku tatu. AERC ya Nairobi (muungano wa utafiti wa uchumi Afrika), ipo tangu 1988, ina utaratibu wa mtafiti kurudi mara kadhaa kwenye warsha: analeta pendekezo, anarudi na kazi inayoendelea, anarudi na ripoti ya mwisho, kila mara mbele ya wasomaji wakali. CARTA nayo (muungano wa kuwafunza watafiti Afrika), tangu 2008, inawachukua walimu wa vyuo wanaosoma PhD na kuwapitisha kwenye semina nne zilizosambazwa katika miaka ya masomo. PASGR (ubia wa utafiti wa jamii na utawala Afrika) wanatoa kozi za mbinu. Kinachofanya kazi hapo nadhani ni kurudi. Mtu anajua atakutana tena na aliyemuuliza.

#19 Dodoso Refu

Sharifa, hao wanachukua wachache na kwa mchujo, na AERC ni ya wachumi. Huwezi kujua ni warsha zilizomjenga au walimchukua aliyekwisha kujengeka. Tena hiyo ndiyo aina ya kosa tunalowakanya vijana.

#20 Kifaru77

😂 Dodoso hamwachi mtu.

Mtego mmoja nimeona haujatajwa. Regresheni ya lojistiki na odi (wanaofanya jambo kugawa kwa wasiofanya). 60% ya kundi A wanatumia chandarua, 40% ya kundi B. Odi za A ni 1.5, za B ni 0.667, uwiano 2.25. Tasnifu inaandika "A wana uwezekano mara 2.25 wa kutumia chandarua". Si kweli, ni mara 1.5. Uwiano wa odi unakaribiana na uwiano wa uwezekano pale tu jambo likiwa nadra, chini ya 10% hivi. Kwa mambo ya kawaida kama chandarua, simu au kwenda shule, tumia margins baada ya logit, utoe tofauti kwa asilimia. Kamati ya kijiji itaelewa, na mtahini pia.

Na wale wanaotupa vigeu 20 na kuripoti kimoja chenye nyota (alama ya matokeo yenye maana kitakwimu): hata vyote 20 vikiwa havina maana, uwezekano wa angalau kimoja kupata nyota kwenye 5% ni karibu 64%, kama havitegemeani.

#21 Kipanga

Wakuu, nimejaza daftari. Swali la vitendo kwa niaba ya mtu. Data imeshakusanywa, vijiji 16, kaya 25 kila kijiji, na msimamizi anataka sura ya nne. Afanyeje? Hawezi kurudi uwandani.

#22 Mama Regresheni

Asirudi. Atangaze kijiji kuwa eneo: svyset kijiji, kisha kila kitu na svy:. Kwa vijiji 16 atumie t yenye digrii 15 za uhuru, 2.131, si 1.96. Ile asilimia yake ya 50 itakuwa na ukingo wa karibu 7.9 kama rho ni 0.05. Aiandike hivyo hivyo. Aweke na estat effects msomaji aone athari ya usanifu.

#23 Nakuru Data

Mama, vijiji 16 ni vichache kwa hitilafu sanifu za makundi, huwa zinatoka ndogo kuliko ukweli, hasa kwenye regresheni. Atumie wild cluster bootstrap (kurudia hesabu mara nyingi kwa nasibu, kijiji kizima kizima), kwenye Stata ni boottest. Au modeli ya ngazi mbili (kaya ndani ya vijiji) kwa REML (njia ya ukadiriaji) yenye marekebisho ya Kenward-Roger (ya makundi yakiwa machache).

#24 Mzee wa Jedwali

Mwanafunzi wa uzamili na Kenward-Roger? Siku ya utetezi atamtaja vibaya. Ajumlishe kila kijiji kuwa namba moja, achore nukta 16 kwenye grafu, alinganishe vijiji. Kila mtu ataona.

#25 Dodoso Refu

Kabla hamjaendelea kubishana: Kipanga, hivyo vijiji 16 vilichaguliwaje?

#26 Kipanga

Kwa nilivyoambiwa, afisa wa wilaya alipendekeza vilivyo karibu na lami, gari lifike.

#27 Dodoso Refu

Basi t, boottest na Kenward-Roger wote wakae pembeni kidogo. Ukingo wa makosa unahusu bahati nasibu, na hapo haikuwepo. Jina la utafiti libadilike, liseme "vijiji vilivyo kando ya barabara kuu wilaya ya X", na aeleze alivyovipata. Kisha achukue vijiji vyote vya wilaya kwenye Sensa ya 2022, alinganishe vyake na vingine kwa watu, ukubwa wa kaya na umeme, kadiri takwimu za ngazi hiyo zinavyopatikana.

#28 Mama Regresheni

Hapana, hitilafu sanifu bado zina kazi ndani ya vijiji. Kaya 25 za kila kijiji alizipataje? Kama alikuwa na daftari la wakazi akachukua kila ya kumi, kuna kitu cha kuokoa. Muulize na hilo, Kipanga.

#29 Kipanga

Namtumia ujumbe sasa hivi.